Mgeni, Fungua Sanduku Lako



Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu ambao hawajuani. Kila mmoja nimemjibu kivyake, lakini naona vyema nilijibu tena hapa, maana wengi mnaosoma ukurasa huu mko mbali na makwenu.

Wa kwanza ni mama mmoja kutoka ng'ambo. Mumewe ni injinia, yuko bandarini Kilindini kwa mkataba wa miaka 2. Wanakaa Nyali, na Jumapili utawaona safu ya nyuma, kando ya ndugu anayewatafsiria. Aliniambia ana kalenda jikoni, na kila usiku anakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Wa pili ni kijana wetu aliye Doha, mlinzi wa zamu ya usiku, anayesikiliza ibada kwa simu akishatoka kazini. Wa tatu ni mama wa hapa hapa kanisani. Amekaa Mombasa miaka 21, amezaa hapa na kusomesha hapa, lakini ukimuuliza kwake ni wapi, atakutajia kijiji kimoja cha Nyamira.

Swali lao ni hili: Mchungaji, mtu anaishije mahali ambapo si kwao?

Mpendwa, fungua Biblia yako Yeremia 28, kisha uendelee mpaka 29. Wengi tunaikimbilia 29 mstari wa 11, ule wa mawazo mema ya Mungu, tunauandika kwenye fulana na kwenye kioo cha matatu. Leo nataka usome unaoutangulia.

Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli. Nabii mmoja, Hanania, akasimama hekaluni akawatangazia kwamba shida hiyo ni ya miaka 2 tu, kisha kila kitu kitarudi. Miaka 2! Hesabu ya mkataba kabisa. Neno hilo lilipendeza masikioni. Ukiambiwa ni miaka 2, hutapanda mti. Hutajifunza lugha ya mtu. Utalala na sanduku limefungwa kando ya kitanda.

Yeremia akawaandikia barua tofauti. Akawaambia ni miaka 70. Akawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, walime bustani na kula walichopanda, waoe na kuozesha. Kisha akawaambia jambo lililowachoma zaidi: wautafute usitawi wa mji ule ule waliopelekwa, wauombee kwa Bwana, kwa sababu mji ukipata amani na wao watapata amani.

Umeona? Mungu hakuwaambia Babeli ni kwao. Hakuwaambia wamsahau Sayuni. Aliwaambia wafungue masanduku.

Sasa nikulete hapa Kilindini, kwa sababu Bwana ametuwekea somo hili mlangoni petu. Jina lenyewe linatoka kwenye kilindi, maji marefu. Ni jina la watu kabla ya kuwa la bandari, maana Wakilindini ni mmoja wa mitaa ya wenyeji wa mji huu, pamoja na Wachangamwe na Watangana katika Thelatha Taifa. Upande wa pili wa kisiwa, Mji wa Kale, ndiko jahazi za Arabuni na Bara Hindi zilikokuwa zikitia nanga tangu zamani kwa pepo za kaskazi. Kisiwa hiki kimezoea wageni. Kimewaona wa aina zote.

Mwaka 1844 alishuka hapa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mke wake Rosine aliyekuwa mjamzito. Wengi mnalijua jina. Labda hamjui hili: Mombasa haikuwa mahali alipopataka. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alikuwa amefanya kazi Ethiopia, akafukuzwa, akaona atawafikia watu wale akipitia pwani hii. Mombasa kwake ilikuwa njia tu, kama stesheni ya kubadilishia basi.

Alifika Mei. Julai mwaka ule ule homa ikawaangusha. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafa, na baada ya siku chache kitoto nacho kikafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa mahututi. Wakazikwa ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, mahali unapoweza kuutazama Mji wa Kale. Miezi 2 tu, na tayari mgeni ana kaburi.

Mpendwa, niambie ukweli. Wewe ungefanya nini? Ni nani angemlaumu kama angepanda jahazi la kwanza?

Lakini angalia alichokuwa ameanza hata kabla ya msiba. Mwezi Juni, akiwa mgeni wa wiki chache, alikuwa ameketi na msomi Mwislamu, kadhi wa mji, wakianza kukiweka Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Mchungaji Mlutheri na kadhi, karatasi moja, wino mmoja! Hakungoja kwanza azoee joto. Alianza na lugha ya watu aliowakuta, akaketi miguuni pa mtu aliyeijua kuliko yeye. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda kwenda kukaa Rabai kwa Wamijikenda. Huyu ndiye aliyeuona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848, wasomi wa Ulaya wakamcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini mimi simkumbuki kwa mlima. Namkumbuka kwa sababu alikaa miaka 29 bila kurudi kwao. Alimzika mtoto hapa, akamzika mke hapa. Waumini wake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza kuamini pale Rabai alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, na huyo naye hakuishi sana. Rebmann alirudi Ujerumani 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Sikuambii walikuwa malaika. Soma maandishi yao utakuta mahali walipowadharau waliowapokea, na dharau ya mgeni huacha kovu. Ninachokuonyesha ni kwamba hawakuishi kwa kukata kalenda. Rebmann aliketi na mtu mmoja aliyekuwa ametekwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, jina lake Salimini, akajifunza kwake lugha ya Kinyasa mpaka ikatoka kamusi. Wageni wawili katika nchi ya watu, mmoja amekuja kwa hiari, mwingine ameletwa kwa kamba, wameketi pamoja wanahesabu maneno.

Na hapo nisimame kidogo, kwa sababu wageni si sawa. Mwaka ule ule wa 1875 ndipo Freretown ilipoanzishwa, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hao hawakuwa na mkataba wala tarehe ya kurudi. Wengi wao hata njia ya kurudi hawakuijua. Walijenga, wakalima, wakaoana, wakasomesha. Kengele yao ipo mpaka leo pale Kengeleni, unaipita kila siku ukielekea Nyali na hujawahi kuuliza ni ya nini.

Kisha mwaka 1896 reli ikaanza kutoka hapa Kilindini. Waingereza wakaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Karibu 2,500 walikufa kabla ya kazi kwisha. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, lakini zaidi ya 6,000 walibaki. Tembea leo mjini uone wahindi wa vizazi vingi wanaozungumza Kiswahili cha Mvita kuliko mimi mchungaji wako, mtu wa bara. Ukimwambia mmoja wao arudi kwao, atakuuliza, kwetu wapi?

Sasa nikuambie yaliyotukuta sisi wenyewe.

Nilihamia Likoni mwaka 1995 kutoka Vihiga. Mama yangu akaja kukaa nami. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Wiki ya kwanza alichukua jembe, akalima kijisehemu nyuma ya ploti, akapanda kunde na mnavu. Nikamwambia, mama, hatukai hapa sana. Akaniambia, tumbo halijui hukai sana. Kunde zilipotoa majani, hakupika kwanza. Alichuma fungu, akampelekea jirani, mama wa Kidigo, mwanamke wa msikitini. Yule mama akamrudishia bakuli la mchunga uliopikwa kwa tui la nazi. Mama alikunja uso kwa uchungu wa ile mboga, akala yote, akaenda kumwomba amfundishe. Tangu hapo nilikuwa nikirudi jioni nawakuta wameketi mkekani wanachambua mboga, mmoja anaongea Kidigo, mwingine Kimaragoli, na wote wanacheka.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Waliosoma habari za siku zile wanajua: watu wa bara waliambiwa waondoke, nyumba na vibanda vikachomwa, zaidi ya watu 100 waliuawa katika wiki zile na watu wapatao 100,000 wakahama makwao. Watu wa Pwani walikuwa na malalamiko ya kweli ya ardhi na kazi, na wanasiasa wakayatumia kama petroli. Sisi tulikuwa wageni, na mgeni ni kuku mweupe. Hajifichi.

Aliyekuja kugonga mlango wetu alikuwa yule mama wa Kidigo. Alimshika mama yangu mkono kama anavyoshikwa dada, akatuingiza chumba chake cha ndani, tukalala sakafuni siku 2. Walipokuja watu kuuliza kama kuna wabara, alijibu nje mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa usingizini, kwamba ndani kuna watoto wake. Siku ya tatu mwanawe alitusindikiza mpaka feri.

Mpendwa, sikufundishi kwamba ukimpa jirani mboga hutapata madhara. Kuna wageni wema waliokufa Likoni, na kuna wenyeji waliokufa pia. Ninalosema ni hili: Neno la Yeremia si la kupamba ukuta. Amani ya mji ule ilikuwa imeanza kupandwa nyuma ya ploti, miaka 2 kabla, na mwanamke asiyejua sarufi.

Ndiyo maana sikubaliani na mahubiri fulani tunayoyapenda sisi Wapentekoste. Tunasema, dunia hii si yetu, sisi ni wapitaji. Amina, ni kweli. Lakini mwangalie baba wa wapitaji, Ibrahimu. Alikaa katika hema, kweli, lakini alichimba visima. Alipanda mti Beer-sheba. Alifanya agano na majirani wasiomjua Mungu wake. Na mke wake Sara alipofariki, aliinama mbele ya wenyeji wa nchi, akanunua shamba lenye pango kwa fedha kamili, akakataa kupewa bure. Mpitaji asiyechimba kisima ni mzururaji.

Basi nikusemeze kwa zamu.

Wewe uliyekuja hapa kikazi kutoka ng'ambo. Najua Januari na Februari joto la Mombasa linakutoa machozi. Najua mfereji hukauka wiki nzima na maji yakaja kwa mkokoteni wa mitungi. Najua feri, najua umeme kukatika, najua ofisi ya kibali na ile njoo kesho. Najua pia kwamba sokoni bei hubadilika ukionekana. Hayo yapo. Lakini usijifungie ndani ya ukuta wa Nyali na kiyoyozi, ukakutana na Kenya kupitia kioo cha gari tu. Jifunze salamu kwanza. Mji huu husamehe kila kosa la sarufi, lakini kupita bila kusalimu ni vigumu kukusamehe. Sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, shikamoo kwa mzee, kisha usimame usikilize majibu. Ukialikwa barazani Mji wa Kale, kunywa ile kahawa chungu hata kama mwisho wa kikombe utasaga meno. Nenda Marikiti mwenyewe, beba kikapu mwenyewe.

Na mlinzi wako wa getini, unajua jina lake? Unajua ana watoto wangapi? Dada anayekupikia, mshahara wake unaingia tarehe mliyokubaliana, au unangoja ukumbuke? Wewe hapa ni mgeni mwenye nguvu. Chenji inayobaki mfukoni mwako ni karo ya mtu. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lako ni nini? Ukimaliza mkataba na hujamfundisha kijana mmoja wa Likoni kazi uliyokuja kuifanya, umekuja kufanya nini?

Wewe kijana uliye Doha, na wewe dada uliye Riyadh, na wewe uliye Muscat. Kwako nasema kwa uangalifu. Kufungua sanduku si kukubali kuonewa. Kama tajiri wako amekunyang'anya pasipoti, kama hulipwi, kama unapigwa, barua ya Yeremia haikuambii unyamaze. Tafuta ubalozi, tuma ujumbe nyumbani, mwambie ndugu wa kanisa aliye karibu. Tutapiga simu pamoja nawe na tutaomba pamoja nawe. Lakini kama kazi ni ya haki ila ni ngumu, usiahirishe maisha. Usiseme nitaanza kuishi nikirudi. Jifunze Kiarabu cha kazi yako. Mjue Mnepali unayelala naye chumba kimoja, ana mama pia. Weka akiba, tuma nyumbani kwa kiasi, na utafute mahali pa ibada kwa kufuata sheria ya nchi. Danieli alikuwa mfanyakazi wa ugenini, na alikuwa mzuri kazini mpaka adui zake wakakosa la kumshitaki.

Wewe mama wa miaka 21 Mombasa, na wote wa bara kama mimi. Kijiji chetu ni kizuri, na mifupa ya baba zetu iko kule. Lakini hebu jiulize: mtaa wako una mtaro ulioziba, nani atauzibua? Shule ya watoto wako ina kamati, uliwahi kuhudhuria? Harusi ya jirani, ulikwenda au ulisikia tu ngoma? Jirani Mwislamu alipofiwa, uliketi kwenye jamvi la matanga? Huwezi kukaa miaka 21 mahali na bado unaombea Nyamira tu. Omba na Mombasa kwa jina. Likoni, Kisauni, Changamwe, Majengo, Kilindini, omba kwa jina.

Na wewe mwenyeji, uliyezaliwa hapa na babu yako akazaliwa hapa. Usidhani leo umeponyoka. Torati, katika Walawi 19, inamwagiza mwenyeji ampende mgeni kama nafsi yake, na inatoa sababu: na ninyi mlikuwa wageni Misri. Kila anayempandishia mgeni bei leo ana binti au mpwa aliye ugenini mahali fulani, anamwombea apate watu wazuri. Wewe ndiwe watu wazuri wa mtoto wa mwenzako. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakuji na fedha za mgeni peke yake. Kunakuja pale mgeni anapokuta mlango na wewe ukapata ndugu.

Wiki hii nakupa kazi tatu, na ninataka uzifanye kabla ya Jumapili.

Kwanza, jifunze majina matatu ya watu unaopita mbele yao kila siku bila kuwajua. Wa kibanda cha mahamri, wa tuktuk, wa getini.

Pili, panda kitu. Kama una kijisehemu cha udongo, panda. Kama huna, panda kwenye debe. Kikitoa majani, fungu la kwanza si lako, ni la jirani.

Tatu, kila siku uombee mji unaokaa dakika 5 kabla hujajiombea mwenyewe. Taja viongozi wake, mahospitali yake, meli zinazoingia na mabaharia waliomo ambao hawajaona watoto wao miezi. Uombee hata kama haukupendi bado.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa sababu hata Mwanao alikuwa mtoto mkimbizi Misri, akalelewa kwa ukarimu wa watu asiowajua. Mwangalie kila mmoja anayesoma haya akiwa mbali na kwao. Anayeonewa, mtetee na umfungulie njia. Aliyechoka, mtie nguvu. Aliyefunga moyo wake pamoja na sanduku lake, mfungue kwa mkono wako. Tupe majirani, na utufanye majirani. Uipe Mombasa amani, na katika amani yake utupe na sisi yetu. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika Amina, na uandike jina la mji unaokaa sasa, si ule uliozaliwa. Nitaketi Ijumaa usiku na orodha hiyo, niitaje miji yote moja moja mbele za Bwana mpaka nimalize.

Ubarikiwe,
Mchungaji wako